Visiwa Vinavyopimwa kwa Sentimita

Kwa miaka mingi boti ya abiria iendayo Faza au Kizingitini haikuondoka Lamu kwa saa ya mkononi peke yake. Nahodha alitazama maji kwanza. Njia fupi ya kwenda kisiwa cha Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba unaotenganisha Manda na bara, na maji yakipwa sana baadhi ya sehemu zake zilibaki tope na mizizi ya mikoko. Aliyechelewa alikwama hapo mpaka maji yajae tena, au alizunguka kwa nje, upande wa bahari kuu, ambako wakati wa kusi mawimbi hayana mchezo. Kati ya kupita na kukwama mara nyingi palikuwa na futi moja tu ya maji.

Futi moja ni sentimita 30. Kwa mtu anayepima Mlima Kenya, wenye kilele cha mita 5,199, hicho ni kipimo cha kusahau. Katika visiwa vya Lamu ndicho kinachoamua kama kisima kitatoa maji matamu au ya chumvi, kama mche wa mkandaa utashika au utakufa, kama maji ya bamvua yataishia ukutani au yataingia hadi kwenye baraza za watu. Ardhi tambarare ndiyo inayotaka kupimwa kwa makini kuliko ardhi ya milima. Kwa miaka mingi ndiyo iliyopimwa vibaya zaidi, kwa sababu vyombo vilivyokuwapo viliiona kama uwanja mmoja usio na habari.

Ramani za kawaida za Kenya za kipimo cha 1:50,000, zilizochorwa enzi za picha za ndege za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aghalabu zilitenganisha mistari ya mwinuko kwa mita 20. Kwa mistari ya namna hiyo, sehemu kubwa ya Lamu, Manda na Pate ni karatasi tupu. Kisha ukaja mwezi wa Februari 2000. Chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada, na kazi hiyo ikazaa modeli ya mwinuko inayojulikana kwa herufi SRTM. Ulimwengu mzima unaitumia hadi leo, na ni haki yake kusifiwa: hapo awali nchi nyingi za Afrika hazikuwa na kitu kinacholingana nayo. Lakini kila namba yake moja inasimama badala ya mraba wa mita 30 kwa 30. Katika mji wa kale wa Lamu, mraba huo unameza nyumba kadhaa pamoja na vichochoro vyake. Tena rada ile haikufika chini penye miti mingi. Ilirudi kutoka kwenye majani, kwa hiyo msitu wa mikoko uliosimama kwenye tope ukaandikwa kama kilima.

Kosa hilo si dogo. Mwaka 2019 watafiti wawili wa shirika la Climate Central, Scott Kulp na Benjamin Strauss, walichapisha katika jarida la Nature Communications hesabu mpya ya watu wanaoishi kwenye pwani zilizo hatarini kufikiwa na bahari. Walisahihisha mwinuko uliotiwa chumvi na miti na majengo, na idadi ya watu walio hatarini ikapanda hadi takriban mara tatu ya makadirio ya awali. Bahari haikuwa imeongezeka hata tone kati ya hesabu moja na nyingine. Ardhi ndiyo iliyoshushwa hadi mahali pake pa kweli.

Hapo ndipo droni inapoingia, na jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba droni ya kawaida haipimi mwinuko wowote wa ardhi. Inapiga picha tu. Huruka kwa mistari sambamba, huku na huko kama mtu anayelima, na kila baada ya mita chache kamera hufyatuka ikitazama chini. Picha hupigwa kwa makusudi ziingiliane: kila moja irudie asilimia 80 ya iliyotangulia, na kila mstari urudie asilimia 70 ya mstari wa jirani. Kwa kamera ya megapikseli 20 inayoruka mita 100 juu, pikseli moja hufunika chini ya sentimita 3 za ardhi, na kilomita moja ya mraba hutaka picha 1,000 na ushei. Nukta yoyote chini, tuseme jiwe la tumbawe au kichaka, hujikuta imeonekana katika picha kumi au zaidi, kila mara kutoka pembe nyingine.

Mwinuko umo katika hizo pembe. Abiria aliyeketi botini akitazama ufuo wa Manda huona mikoko ya karibu ikipita mbio na mibuyu iliyo nyuma yake ikijikokota. Bila kupima chochote, anajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Kompyuta hufanya kazi hiyohiyo kwa hesabu. Hutafuta nukta zinazofanana katika picha mbalimbali, hukokotoa kila picha ilipigwa kutoka wapi na kamera ikiwa imeinama vipi, kisha huziweka nukta mamilioni mahali pake kwa vipimo vitatu: mashariki, kaskazini, juu. Elimu ya kupima kwa picha ni ya zamani. Mwanajeshi wa Ufaransa, Aimé Laussedat, aliianza katikati ya karne ya 19. Kilichokosekana ni namna ya kuifanya mashine itambue yenyewe kwamba doa hili katika picha hii ndilo doa lile katika picha ile. Mwaka 1999 David Lowe wa Kanada alitangaza mbinu moja iliyofungua mlango huo, na leo kazi iliyohitaji chumba cha wataalamu wenye miwani maalumu hufanywa na kompyuta ya mezani usiku kucha. Zipo programu za kulipia kama Pix4D na Agisoft Metashape, na ipo OpenDroneMap, ambayo ni huria na haimdai mwanafunzi hata senti.

Urahisi huo una hatari yake. Programu haikatai kazi: ukiipa picha, itatoa modeli yenye rangi za kupendeza, na ubovu wa modeli hauonekani kwa macho.

Ubovu wa kwanza hutoka kwenye sifuri. Mtu anaposema “mita 4 juu ya usawa wa bahari”, bahari ipi, na ya saa ngapi? Huko Lamu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 3 katika siku moja. Urefu rasmi nchini Kenya hupimwa kutoka wastani wa usawa wa bahari uliowekwa Kilindini, Mombasa. Droni haina habari na Kilindini. Kipokezi chake cha GPS hupima urefu kutoka kwenye umbo laini la kihesabu linalokadiria umbo la dunia, elipsoidi, na katika pwani ya Kenya uso wa bahari uko chini ya umbo hilo kwa zaidi ya mita 20. Ukiichukua modeli kama ilivyotoka kwenye mashine, mbele ya mji wa Lamu, pale wanapofungwa punda na kushushwa shehena, patakuwa mita 20 na zaidi chini ya sifuri, kana kwamba mji mzima umezama zamani. Kosa la ukubwa huo hukamatwa mapema kwa sababu linashangaza. La kuogopwa ni lile linalobaki baada ya kusahihisha: nusu mita, robo mita, kwa kuwa modeli ya dunia inayotumiwa kusahihisha haikupimwa kwa makini katika kona hii ya bahari. Dawa yake ni kazi ya miguu. Mpimaji huifunga modeli kwenye alama za kudumu za ardhini zilizopimwa kwa kipokezi cha hali ya juu, na kwenye kipimo cha kupwa na kujaa. Lamu ina kipimo chake cha maji, jambo ambalo miji mingi midogo ya pwani hii haina.

Baada ya sifuri kuna mchanga, na huko Shela mchanga ni habari ya uhai.

Kusini mwa kisiwa cha Lamu, kutoka Shela kuelekea magharibi, ufuo umepakana na matuta ya mchanga mweupe yanayojipanga safu nyuma ya safu kwa kilomita nyingi. Mgeni huyaona kama mandhari. Mwamu huyaona kama tangi. Mvua inayonyesha juu yake huzama moja kwa moja, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hukaa juu yake bila kuchanganyika upesi, yakielea ndani ya mchanga. Mji wa Lamu umekuwa ukinywa kutoka hapo, na ndiyo sababu matuta hayo yamewekwa chini ya ulinzi wa sheria kama chanzo cha maji, na ndiyo sababu kila jengo jipya linaloinuka juu yake huzua malalamiko.

Kanuni inayotawala tangi hilo waliigundua wanaume wawili wasiojuana, Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji matamu kwa takriban asilimia mbili na nusu. Kwa hiyo kila sentimita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia sentimita 40 nyingine za maji matamu chini yake. Hesabu hiyo ni ya neema na ya kutisha kwa wakati mmoja. Chukua kisima cha mfano ambacho mdomo wake uko mita 6 juu ya usawa wa bahari. Utepe ukiteremshwa hugusa maji kwenye mita 5 na sentimita 70. Maji yako sentimita 30 juu ya bahari, na chini yake, kwa kanuni ile, kuna mita 12 za maji matamu. Lakini kama mdomo wa kisima ulipimwa kwa kosa la sentimita 20, huenda maji yako sentimita 10 tu juu ya bahari, na akiba yote ni mita 4. Pampu ileile, ikivuta kiasi kilekile, salama katika hali ya kwanza, itaivuta chumvi katika hali ya pili. Uhalisia una mambo zaidi, kwa sababu maji hayo mawili huchanganyika kidogo yanapokutana, na uvutaji hubadili kila kitu. Hata hivyo somo la namba linabaki palepale: hapa sentimita huzidishwa kwa 40.

Midomo ya visima haipimwi kwa droni peke yake. Hiyo hutaka kipokezi sahihi kilichosimamishwa juu ya kisima chenyewe. Kazi ya droni ni kuonyesha kile ambacho visima haviwezi kusema: umbo la matuta kati ya kisima na kisima, mabonde ambako mvua hukusanyika, mahali mchanga umepungua hadi maji yakakaribia hewa na uchafu wa juu. Na umbo hilo hubadilika. Upepo wa kusi husukuma mchanga miezi kadhaa, kaskazi huupanga upya, na mikono ya watu huuchota kwa ujenzi. Ukiwa na modeli ya mwezi wa Machi na nyingine ya Oktoba, unaitoa moja kwenye nyingine na kinachobaki ni mchanga uliohama, kwa mita za ujazo, mahali hadi mahali. Mchanga uliopeperushwa huonekana umetua jirani. Uliobebwa hauonekani popote.

Sasa hebu itazamwe kazi yenyewe kwa karibu, maana mchanga mweupe ni adui wa kamera. Programu hutafuta nukta zinazotambulika, na ukurasa mweupe hauna nukta. Saa sita mchana, kwenye eneo lililo nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, jua huwa utosini, vivuli hufa na kamera huona mng’ao. Mpimaji mzoefu huruka asubuhi, jua likiwa limelala, ili kila mkunjo mdogo uliochorwa na upepo utupe kivuli chake. Huo ndio mwandiko ambao kompyuta itausoma. Hupunguza mwanga unaoingia kwenye kamera. Huepuka saa za upepo mkali, si kwa kuhofia droni tu bali kwa sababu mchanga unaotembea wakati picha zinapigwa huidanganya hesabu. Mawimbi hufanya vivyo hivyo: maji hayatulii katika umbo moja kati ya picha na picha, kwa hiyo ukingo wa bahari katika modeli hutoka umekunjamana, na ni heri ukatwe kuliko kuaminiwa.

Kabla ya yote hayo huwekwa alama. Ni vipande vya turubai vyenye miraba myeusi na myeupe, upana wa kama nusu mita, vilivyopigiliwa chini kwa vigingi ili visipeperuke. Katikati ya kila kipande husimamishwa fimbo ya kipokezi, na nafasi yake hupimwa kwa makosa ya sentimita moja au mbili. Alama hizo hugawanywa makundi mawili, na hapo ndipo uaminifu wa kazi unapojulikana. Kundi la kwanza hupewa programu ili ijirekebishe. Kundi la pili hufichwa, halipewi kabisa, na modeli ikishakamilika huulizwa: alama hii iko mita ngapi? Jibu hulinganishwa na kipimo cha fimbo. Modeli isiyokuja na hesabu ya kundi la pili ni picha nzuri, si kipimo.

Kuna kosa moja ambalo alama hizo za kundi la pili, za kuhakiki, ndizo pekee zinazoliumbua. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza Mike James na Stuart Robson walieleza kwa nini modeli nyingi za droni hujipinda: uwanja ulio tambarare hutoka umevimba katikati kama mgongo wa kobe, au umebonyea. Chanzo ni lenzi. Kila lenzi hupindisha picha kidogo, na droni ikipiga picha zote ikitazama chini wima, programu haiwezi kutenganisha mpindo wa lenzi na mpindo wa ardhi. Kwenye milima kosa hilo hupotea. Kwenye ardhi tambarare, uvimbe wa sentimita 20 katikati ya eneo la kilomita moja ni kilima kisichokuwapo. Tiba yake ni rahisi na bado wengi huiacha: kuongeza picha zilizopigwa kwa kuinamisha kamera, na kutawanya alama eneo lote, si kuzirundika karibu na njia kwa sababu ndiko kusikochosha miguu. Kuvuka matuta ya Shela na vigingi begani kunachosha, na hakuna namna nyingine.

Hata modeli mbili nzuri, kila moja ikiwa na mashaka ya sentimita 5, zikitolewa moja kwa nyingine huleta mashaka ya sentimita 7 hivi. Yakilalia upande mmoja katika hekta moja, ni mita 700 za ujazo za mchanga ambazo hazikwenda popote. Anayepeleka malalamiko ya mchanga ulioibwa mbele ya ofisa yeyote anapaswa kuijua namba hiyo kabla ya kuulizwa.

Mikoko ni shida ya namna nyingine. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, ikiwa imepangika kwa mwinuko kwa utaratibu ambao wakata boriti waliujua kabla ya chombo chochote: mlilana mbele kabisa kukabili maji, mkoko nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na mchu kule juu ambako bahari hufika kwa nadra. Kati ya ukanda na ukanda tofauti ya mwinuko ni ndogo mno. Kupanda miche ya mkandaa mahali pa mkoko ni kuipoteza, na upandaji mwingi wa mikoko duniani umeshindwa kwa sababu hiyo hasa: watu walipanda penye nafasi badala ya kupanda kwenye kimo kinachofaa. Modeli ya mwinuko ingewaonyesha pa kupanda, ila kamera haipenyi majani. Droni huona paa la msitu, na ardhi huiona kwenye mianya na kingo tu. Wanaohitaji ardhi yenyewe hutumia vifaa vya miale ya leza, ambavyo ni ghali zaidi, au huingia topeni na fimbo ya kupimia.

Ipo njia ya tatu, na inapendeza kwa sababu inaitumia bahari yenyewe. Maji yanapojaa, ukingo wake juu ya tope ni mstari wa mwinuko mmoja. Droni ikiupiga picha kila baada ya muda, na kipimo cha maji kikisema bahari ilikuwa kwenye kimo gani dakika hiyo, kila ukingo huwa mstari kwenye ramani. Bamvua moja, kutoka maji kupwa hadi maji kujaa, huchora mistari ambayo ramani ya mita 20 haikuweza hata kuiota.

Paa la msitu nalo si hasara tupu. Likijulikana pamoja na ardhi iliyo chini yake, tofauti yake ni urefu wa miti, na urefu wa miti huelekeza kwenye kiasi cha kaboni. Huko Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko tangu 2013 na fedha zake kurudi kwa wanakijiji. Lamu yenye msitu mkubwa zaidi ina kila sababu ya kuijua hesabu yake kabla hajaja mtu wa kuihesabu kwa niaba yake.

Wachimbuzi wa mambo ya kale wanaihitaji elimu hii pia. James Kirkman alichimba Takwa, katika kisiwa cha Manda, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Neville Chittick akachimba mji wa kale wa Manda kuanzia 1966. Mark Horton akachimba Shanga, kusini mwa Pate, katika miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine iliyoutangulia, ya awali kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya nane. Wote walipima kwa mkono, kwa kamba na darubini, wiki baada ya wiki. Leo uwanja wa Shanga ukisafishwa majani unaweza kupigwa picha asubuhi moja, na vijiinuko vya sentimita 10 au 15 vinavyoficha misingi ya nyumba vikaonekana kwa kuitupia modeli mwanga wa kubuni kutoka upande. Tatizo ni lilelile la miti: sehemu kubwa ya magofu ya Pate imefunikwa na vichaka.

Mahali ambapo kazi hii imefanywa kwa ukubwa wa kisiwa kizima si mbali. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba, zaidi ya kilomita za mraba 2,300, kwa droni ndogo za mabawa ziitwazo eBee, zilizotengenezwa Uswisi kwa povu jepesi na zenye uzito usiofika kilo moja. Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar iliongoza, Benki ya Dunia ikaunga mkono, na marubani wakawa vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Picha hizo zikatolewa wazi ili yeyote azitumie. Mwaka mmoja kabla yake, Dar es Salaam ilikuwa imeanza Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo walizunguka Tandale na mitaa mingine inayofurika kila masika, wakichora mitaro na nyumba juu ya picha za droni na kuwauliza wakazi maji yalifika wapi ukutani. Alama ya tope kwenye ukuta, ikipimwa urefu, ni kipimo cha mafuriko kilicho bora kuliko makisio mengi ya kompyuta. Miradi yote miwili ilifanikiwa kwa kuwa waliorusha walikuwa wenyeji, waliojua kuzungumza na sheha au mwenyekiti wa mtaa kabla ya kitu chochote kuruka juu ya uwanja wa mtu.

Lamu ina ugumu wake. Kenya iliweka kanuni mpya za droni mwaka 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na bila usajili na kibali hakuna kuruka. Uwanja wa ndege wa Manda uko ng’ambo tu ya mji, na anga inayouzunguka si ya kuchezewa. Zaidi ya hayo, kaunti hii imeishi na mashambulizi: Mpeketoni Juni 2014, kambi ya kijeshi ya Manda Bay Januari 2020. Kitu kidogo kinachovuma juu ya mikoko huogopesha watu, na askari anayekitilia shaka ana sababu. Vibali hucheleweshwa, na msimu unaofaa hupita. Hilo ni gumu kulilaumu na ni gumu pia kulikubali, kwa sababu gharama ya kutopima inaendelea kulipwa.

Gharama hiyo imeshaonekana mahakamani. Bandari mpya ya Lamu ilizinduliwa Kililana mwaka 2012, na gati lake la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Wavuvi walikwenda mahakamani kwa madai kwamba uchimbaji wa bahari na ukataji wa mikoko umewaharibia riziki na mazingira, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76, serikali ikakata rufaa. Katika mashauri ya namna hiyo swali gumu daima ni hali ilikuwaje kabla. Kumbukumbu ya mvuvi mzee kuhusu fungu la mchanga lililokuwa hapa ina uzito wake, lakini wakili wa upande wa pili huiuliza tarehe na kipimo.

Kipimo cha kabla si lazima kianze leo. Idara ya Uingereza iliyopima makoloni baada ya 1946, Directorate of Overseas Surveys, ilipigisha picha za ndege sehemu kubwa ya Kenya, na mkusanyo wake sasa umehifadhiwa Edinburgh. Picha za kupimia za enzi hizo zilipigwa ziingiliane kwa asilimia 60 hivi, kwa ajili ya wachora ramani wenye miwani yao. Zikichanganuliwa vizuri na kutiwa katika programu zilezile zinazotumika kwa droni, picha za namna hiyo huzaa modeli ya mwinuko ya siku zilipopigwa. Makosa yake ni ya mita, si ya sentimita, kwa hiyo hazitasema lolote kuhusu kisima au mche. Ila tuta zima la mchanga lililohama, lililofyekwa au lililojengewa litaonekana, mradi ipatikane misikiti au makaburi ya mawe ambayo hayajasogea tangu hapo, yapimwe upya kwa fimbo na kipokezi, na yatumike kama alama za ardhini.